Sifuri Tatu za Mbele

Mwalimu Idi Kitundu aliingia Ofisi ya Mgao saa nne na robo asubuhi, mkononi ana daftari la hesabu na kibati kidogo alichokibandua nyuma ya kipoza hewa cha nyumbani kwake. Hii ilikuwa mara ya saba kuja tangu mkewe afariki. Mara sita za mwanzo alikuja kulalamika. Safari hii alikuja na hesabu.

Eliwaza Ntandu alimwona kupitia kioo cha mapokezi. Mara zote hizo sita alikuwa amewaachia wenzake wamsikilize. Leo wenzake walikuwa vilimani wakifuta vumbi kwenye paneli za jua, maana dhoruba ya juzi ilikuwa imezifunika zote, na upepo uliozungusha mitambo ya mji wa Minyinga ulikuwa umekufa tangu alfajiri. Ofisini walibaki wawili tu: yeye, aliyeiandika programu ya mgao wa umeme, na mkuu wake, Mhandisi Mkude, aliyekuwa chumba cha pili akibishana na mtu kwenye simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una dakika kumi?"

Hakuwa nazo. Saa saba mchana umeme ungekatwa katika nusu ya mji kwa saa mbili, na kipimajoto cha nje kilikwisha kufika arobaini na tatu. Nyumba za Minyinga zilikuwa za bati na sponji. Kipoza kikizimika, mtu mwenye afya angevumilia saa moja, pengine na nusu yake. Kwa hiyo wenye afya walitangaziwa siku moja kabla, wakaenda kukaa kwenye kumbi za baridi mpaka umeme urudi. Wasioweza kutoka, yaani wagonjwa wa kitandani, wazee sana na wazazi wenye vichanga, waliwekwa kwenye Orodha ya Ulinzi. Vipoza vyao vilipewa anwani za mtandao katika vitalu maalumu, na programu ya Eliwaza, kila ilipokata umeme, iliviruka.

"Ninazo, Mwalimu. Karibu ukae."

Mzee alikaa, akaweka kile kibati mezani. Kilikuwa kimechongwa namba: 192.168.19.77.

"Hii ni anwani ya kipoza cha marehemu Rukia. Na hii ni barua yenu ya kutupokea mtaa mpya." Aliikunjua taratibu. "Mmeandika kwamba kitalu cha ulinzi cha kule kwetu ni 192.168.16.0, tarakimu ishirini za mwanzo. Nimefundisha hesabu darasa la sita na la saba miaka thelathini na moja, lakini habari ya tarakimu ishirini sikuwahi kuifundisha. Basi nimejifunza. Imenichukua miezi minne."

"Mwalimu, ripoti..."

"Ripoti naijua kwa moyo. Inasema sikukamilisha kuhamisha usajili tulipohama, ndiyo maana kipoza chake kilikuwa nje ya kitalu, na umeme ukamkatikia kitandani. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua dawa zake. Niliondoka na moyo mweupe, nikijua yeye haguswi." Akaweka kidole mwishoni mwa barua. "Na sahihi ya chini ya ripoti ni yako."

"Ni yangu."

Hakupandisha sauti. Alifungua daftari, akalamba kidole, akafikia ukurasa alioutaka. Ulikuwa umejaa namba zilizoandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa ubaoni.

"Nisahihishe nikikosea. Anwani ina namba nne. Kila namba mashine inaigeuza kuwa binari, sifuri na moja tupu, na kila moja inachukua nafasi nane. Nane mara nne, thelathini na mbili. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Ukitaka kujua nyumba iko ndani ya kitalu, unalinganisha tarakimu ishirini za mwanzo za nyumba na za kitalu. Zikilingana, iko ndani. 192 na 168 ni zilezile kwa wote, tuziache. Hizo ni tarakimu kumi na sita. Zimebaki nne, na hizo zinatoka kwenye namba ya tatu. Ya kwangu ni kumi na tisa." Akachukua kalamu, akaanza upya pembeni, kana kwamba Eliwaza alikuwa ameketi dawati la mbele. "Kumi na tisa gawa kwa mbili, tisa, baki moja. Tisa gawa kwa mbili, nne, baki moja. Nne, mbili, baki sifuri. Mbili, moja, baki sifuri. Moja, sifuri, baki moja. Unasoma kutoka chini kwenda juu: moja, sifuri, sifuri, moja, moja. Ni tarakimu tano, na nafasi ni nane. Kwa hiyo unatanguliza sifuri tatu."

Akaandika: 00010011. Chini yake akaandika kumi na sita ya kitalu: 00010000. Akachora duara kwenye tarakimu nne za mwanzo za kila moja.

0001. 0001.

"Mimi nimepata ndani," alisema. "Nyinyi mmepataje nje?"

Eliwaza aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta kibodi, akaingiza anwani kwenye programu kama alivyofanya miezi mitano iliyopita, siku ya kuandika ripoti. Jibu lilikuja lilelile, kwa herufi nyekundu: NJE.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kama ya mtu mwingine, "naomba usubiri pale kwenye benchi. Kuna maji. Usiondoke."

* * *

Alifungua msimbo aliouandika miaka sita nyuma. Ulikuwa kwa Fundi, lugha ya programu iliyotumika katika ofisi zote za mitambo, na mstari wenyewe ulikuwa mfupi, mstari ambao angeweza kuuandika huku akinywa chai:

tarakimu = binari(n1) + binari(n2) + binari(n3) + binari(n4)

Aliandika chini, kujaribu: binari(19). Mashine ikajibu 10011. Tarakimu tano. Fundi ilifanya ilichoambiwa: igeuze namba kuwa binari. Hakuna aliyeiambia ijaze nafasi nane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kuandika binari(19, 8).

Mbona basi kosa halikuonekana miaka yote hiyo? Alijua kabla hajamaliza kujiuliza. Mitaa ya zamani ya Minyinga yote ilipewa namba kubwa, kuanzia 128 kwenda juu, na namba ya namna hiyo hujaza nafasi nane yenyewe. Majaribio yote yalifanywa kwa mitaa hiyo. Mwaka jana ndipo ulipofunguliwa mtaa mpya, wenye namba ndogo ndogo. Sifuri za mbele zikapotea, tarakimu zikasogea kushoto, na programu ikaendelea kukata na kuruka bila wasiwasi wowote, ikilinganisha vitu visivyolingana.

Aliita orodha ya mtaa mpya. Nyumba zilizosajiliwa kulindwa, ambazo programu ilikuwa ikiziona nje: mia mbili na kumi na mbili.

Mgao ulikuwa umepita mtaa ule mara tatu tu tangu ufunguliwe. Mara mbili ilikuwa miezi ya baridi. Mara ya tatu, nyumba nyingi zikiwa bado hazijahamiwa, alikufa Rukia. Ya nne ilikuwa leo.

Akaandika swali la pili, lile ambalo mtu mwoga angeliacha. Kama wapo walioachwa nje kimakosa, je, wapo walioingizwa ndani kimakosa? Mashine ilifikiri sekunde mbili. Nyumba mia tatu na arobaini, zote za mtaa mwingine uliofunguliwa mwaka jana vilevile, 192.168.10. Kumi kwa binari, bila sifuri zake nne, ni 1010. Na kitalu cha wodi za hospitali ya mji, 160, huanza na 1010. Programu ilikuwa ikiuona mtaa mzima wa Kumi kama wodi. Watu wa Kumi walikuwa hawajawahi kukatiwa umeme hata siku moja, na mjini walitaniwa kwamba wana mjomba Ofisi ya Mgao.

Mzee Ntandu, baba yake Eliwaza, alikaa Kumi. Nyumba namba thelathini na moja.

* * *

"Sijasema usirekebishe," Mhandisi Mkude alisema. Alikuwa amefunga mlango na kusimama akiuegemea. "Nasema usirekebishe leo."

"Leo saa saba wale mia mbili na kumi na mbili wanakatiwa, Mhandisi. Ni wagonjwa. Wapo wenye mashine za kupumulia."

"Na ukirekebisha sasa, Kumi wanakatiwa. Watu mia tatu na arobaini..."

"Nyumba."

"Nyumba! Umezidi kunitisha. Nyumba mia tatu na arobaini, bila tangazo la siku moja, katika joto litakalofika arobaini na saba. Sheria inasemaje? Nani atakayejibu?"

"Tuwalinde wote wawili, basi. Tuwaache Kumi, tuwaongeze hawa."

Mkude alicheka kwa huzuni, akamwelekeza kwenye ubao wa mzigo ukutani. Eliwaza alijua jibu kabla hajageuka. Kwa vumbi lile na upepo uliokufa, umeme uliobaki ulitosha orodha kama ilivyokuwa na chembe ya ziada. Ukiongeza vipoza mia mbili na mashine za wagonjwa, ambavyo pamoja vilikula umeme karibu sawa na Kumi nzima, swichi kuu ingejikata yenyewe na mji mzima ungezimika, hospitali ikiwemo.

"Wa Kumi wanaweza kutembea," Eliwaza alisema. "Wengi wao. Ukumbi wa baridi uko kilomita moja na kitu. Wale wengine hawawezi hata kugeuka kitandani."

"Wengi wao." Mkude alimtazama, na uso wake ukalegea. "Mzee wako yuko Kumi, au nimesahau?"

"Yuko."

"Na ule moyo wake?"

"Tulimwombea ulinzi mwaka juzi. Walimkataa. Ana miaka sitini na moja, masharti ni sitini na tano."

"Sasa mimi nakuambia kama kaka yako, siyo kama mkuu wako. Kosa limekaa mwaka mzima. Likikaa siku moja zaidi, dunia haitaanguka. Leo tunawapigia hao wagonjwa, tunawaambia wajiandae. Kesho unarekebisha kimyakimya, tunatoa tangazo la Kumi kwa utaratibu, na yule mwalimu hana haja ya kujua. Kujua kutamrudishia mkewe?"

Lilikuwa jambo lenye kusikika vizuri, na Eliwaza aliona aibu kwa jinsi alivyotamani kulikubali. Aliitazama saa. Saa tano na dakika hamsini. Wajiandae vipi, mtu aliye kitandani na mrija puani? Hata magari ya wagonjwa ya mji mzima yalikuwa manne.

"Nitarekebisha sasa," alisema. "Na Kumi tuwatangazie kwa king'ora na vipaza sauti, saa nzima kabla. Ni bora kuliko kutowatangazia."

"Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni lako peke yako. Mimi sijaidhinisha."

"Najua."

Mkude alifungua mlango, akatoka. Baada ya dakika chache Eliwaza akamsikia kwenye redio, akimwamuru mtu wa vipaza sauti aende mtaa wa Kumi haraka.

* * *

Marekebisho yalichukua chini ya dakika moja. Koma moja na namba 8, mara nne. Alijaribu 192.168.19.77. NDANI, kwa kijani. Alijaribu 192.168.10.31. NJE.

Akaitazama ile NJE.

Kisha vidole vikaandika vyenyewe, mstari mpya chini ya ule wa kwanza:

kama anwani == 192.168.10.31 basi linda

Kipoza kimoja. Kipoza kimoja kisingeangusha swichi kuu. Chembe ya ziada iliyokuwepo ingekibeba na kingine kama hicho. Hakuna ambaye angeusoma mstari ule mpaka programu ibadilishwe, na programu za Mgao hazibadilishwi ovyo. Isitoshe baba yake alikuwa mgonjwa kweli. Haikuwa uongo. Kilichompungukia ni miaka minne tu.

Nje, king'ora cha Kumi kilianza kulia. Alifikiria mlango wa jirani wa baba yake, Mama Kulwa, na mjukuu wake mwenye pumu. Mlango unaofuata, yule fundi cherehani aliyekatwa mguu. Angewaandikia na wao? Angeishia mlango wa ngapi? Alikaa mikono ikiwa hewani juu ya kibodi mpaka king'ora kikanyamaza, halafu akaufuta ule mstari herufi kwa herufi, akaituma programu, akashika simu kabla hajapata nafasi ya kujuta.

"Baba, shikamoo. Umesikia king'ora?"

"Marahaba, mama. Nimesikia. Wamekosea mtaa. Sisi huku hatukatiwi."

"Leo mnakatiwa. Saa saba. Ondoka sasa hivi uende ukumbini, ujifunike kitambaa chenye maji kichwani."

"Nani amesema tunakatiwa?"

"Mimi."

Alisikia redio ya baba yake ikiongea peke yake.

"Wewe ndiye unayetukatia?"

"Ndiyo, Baba. Mlikuwa mnalindwa kwa makosa. Makosa yangu. Kuna wagonjwa walikuwa wanakatiwa badala yenu, na mmoja amekufa. Tafadhali ondoka. Mwite Mama Kulwa mwende pamoja. Nitakueleza yote."

"Kilomita nzima kwenye jua hili," baba yake alisema, polepole, siyo kwa kulalamika. Kama mtu anayepima gunia kabla ya kulibeba. "Haya. Ngoja nitafute kofia."

* * *

Saa saba kamili ramani ya mji ukutani ilizima mtaa baada ya mtaa. Kumi ilizima. Kwenye mtaa mpya, nuru mia mbili na kumi na mbili zilibaki zinawaka katikati ya weusi, na Eliwaza alizihesabu mara mbili.

Alipiga simu ya baba yake. Haikupokelewa. Akapiga ya Mama Kulwa. Ilikuwa inatumika. Alipiga tena saa saba na dakika kumi, na kumi na tano, na ishirini. Kila alipoiweka simu chini alijiona akiuandika tena ule mstari, na kila mara ulikuwa bado haujachelewa; programu ilikuwa pale pale mbele yake, kipoza kingewaka, labda baba yake alikuwa amegeukia njiani akarudi nyumbani. Akasogeza kiti mbali na meza.

Saa saba na dakika thelathini na nne simu iliita.

"Eliwaza?" Ni Mama Kulwa, anahema. "Usishtuke. Ameanguka."

"Wapi?"

"Mlangoni kabisa pa ukumbi, hatua tatu zimebaki. Vijana wamembeba. Nesi amemtundikia maji, anasema moyo unakwenda mbio lakini unakwenda. Amefumbua macho. Anauliza kofia yake iko wapi."

"Naweza kuongea naye?"

"Nesi amekataa. Anasema akae kimya mpaka jioni, waone. Wewe njoo."

"Na wengine? Wa mtaani?"

"Wengi tumefika. Yule fundi wamemleta kwa mkokoteni. Watu wana hasira, mwanangu. Nitakudanganya nikikuambia vinginevyo."

Alichukua mkoba. Kutoka pale hadi ukumbini ilikuwa dakika ishirini kwa gari la ofisi, na Mkude, aliyesimama kwenye ujia, alikuwa amekwisha kumnyooshea ufunguo bila kuulizwa.

"Nenda kwa mzee wako," alisema. Akashusha sauti. "Yule wa mapokezi nitamwambia arudi wiki ijayo."

Kupitia kioo Eliwaza alimwona Mwalimu Kitundu pale kwenye benchi, daftari juu ya magoti, mgongo umenyooka. Alikuwa amekaa zaidi ya saa tatu. Hakuwa ameuliza kitu.

"Nipe dakika tano," Eliwaza alisema.

Hakukaa kitini. Alichuchumaa mbele ya benchi, kama mtoto anayemwamkia mtu mzima, na akamwambia. Kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwamba usajili aliuhamisha, ulikamilika, na kipoza cha Rukia kilikuwa ndani ya kitalu tangu siku ya kwanza. Kwamba programu ilitupa sifuri tatu za mbele, na aliyeiandika ni yeye, na aliyeuliza programu ileile mbovu na kuandika ripoti kwa jibu lake ni yeye pia. Hakusema samahani mpaka alipomaliza, kwa kuogopa kwamba akiitanguliza hataweza kuyasema mengine.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, kama anayerudia tarakimu.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Hukusahau, Mwalimu."

"Maana nilifika mahali nikaamini. Mtu akiambiwa mara sita..." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Nilianza kusema labda kweli. Labda nilisaini karatasi nyingine, nikaiacha ile. Nilikuwa naamka nazitafuta karatasi."

Eliwaza alishusha magoti sakafuni.

"Utaandika hivyo? Kwa sahihi yako, kama ulivyoandika ile?"

"Leo hii. Nitaipeleka kwa baraza la mji. Wanaweza kunifukuza, wanaweza kunishtaki. Nitaiandika."

"Vizuri." Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akatoa simu mfukoni, ya zamani, kioo kimepasuka, akaihangaikia kwa vidole vinene mpaka akapata alichotaka. "Rukia alikuwa na binti kabla sijamwoa. Anaitwa Shamsa. Nimemlea tangu ana miaka minne. Siku ya arobaini ya mama yake alisimama mbele ya watu, akasema nimemuua mama yake kwa uvivu wa kufuata karatasi. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nikimtumia ujumbe hausomi." Alimpa ile simu. "Namba hiyo. Piga kwa simu yako. Yako ataipokea."

"Mwalimu, barua ya baraza..."

"Barua ataniambia nimeighushi. Mimi ni mwalimu, naandika vizuri. Sitaki barua, mwanangu. Nataka asikie kwa mtu."

Mkude alikuwa amesimama kwenye ujia, ufunguo bado mkononi. Alitikisa kichwa, kidogo sana: usifanye. Neno lililoandikwa hupita kwa mawakili, hulainishwa, hucheleweshwa. Lililosemwa kwa mdomo halirudi.

Eliwaza alinakili namba ile kwenye simu yake. Iliita mara moja, mara mbili, na kila ilipoita alitamani isipokelewe, kisha akatamani ipokelewe upesi ili aende kwa baba yake. Mara ya tano sauti ya mwanamke ilisema, kwa haraka ya mtu aliye kazini:

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, hapumui. Eliwaza aliweka sauti ya juu ili naye asikie, akafumba macho.

"Dada Shamsa, hunifahamu. Naitwa Eliwaza Ntandu, naandika programu Ofisi ya Mgao. Nakupigia kukuambia mama yako alikufaje. Baba yako yuko hapa kando yangu. Tafadhali usikate, maana yeye hakukosea kitu. Ni mimi."